Akwariamu inachemka mchana
Swali: Nina akwariamu ndogo ya maji chumvi, lita 40, mchana inafika digrii 31 na samaki wanahema juu juu. Nitie barafu?

Jibu: Barafu hapana ndugu yangu, maji yakipoa ghafla utawamaliza. Kuhema hivyo ni oksijeni imepungua, maji ya moto hayaishiki vizuri, elekeza pampu itikise uso wa maji sasa hivi. Halafu fungua kifuniko, weka feni ndogo ipulize juu ya maji, mvuke ndo unaondoka na joto, utashusha digrii 2 au 3 polepole, ila maji yatapungua na chumvi inabaki humo humo kwa hiyo kila siku jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini (ile dawa ya maji ya bomba), tafadhali sana usijazie ya chumvi. Taa washa usiku, kukipoa.