Kwa mzazi aliyeuliza kuhusu lainibeka: haya ndiyo maisha baada ya mpira

Mkuu mleta uzi, umesema kijana wako yupo Ohio, ana miaka 12, kocha wa timu ya mtaani ya mpira wa Kimarekani kamwambia ana umbo la lainibeka, na wewe unataka kujua hawa jamaa wakishastaafu maisha yao yanakuwaje. Nimepitia majibu ya wadau, karibu yote ni mamilioni ya dola na magari. Mimi nipo Massachusetts, kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani, na kati ya niliowahudumia kuna mzee mmoja aliyecheza nafasi hiyohiyo enzi zake. Kwa hiyo naomba nikujibu kwa upande ambao hakuna aliyeugusa, na nitamtumia mtu anayejulikana, marehemu Nick Buoniconti, lainibeka maarufu wa zamani, maana mzee wangu alikuwa anamtaja sana mpaka na mimi nikaanza kumfuatilia.

Kwa wasioujua huu mpira, lainibeka anasimama nyuma ya ile safu ya mbele ya majitu ya kilo 130 na zaidi, na wa katikati ndiye anayepanga ulinzi, anasoma wapinzani wamejipangaje, anawapigia kelele wenzake wasogee wapi, halafu mpira ukianza anakimbia kwenda kumgonga mwenye mpira kwa nguvu zake zote. Na hapo sizungumzii mechi tu, mazoezini ni hivyohivyo wiki nzima, toka utotoni. Ukimwangalia kwenye TV unaona zile kumi au kumi na mbili alizoangusha watu, hesabu ya kichwa chake ni nyingine kabisa.

Buoniconti alizaliwa 1940 Springfield, hukuhuku Massachusetts, mtaa wa Wataliano, familia yao walikuwa waoka mikate. Akacheza Chuo Kikuu cha Notre Dame, lakini alipomaliza chuo 1962 timu za NFL, ligi kuu ya mpira huu, zilimpita kwa sababu walimwona mfupi, alikuwa kama sentimita 180 na kilo 100 hivi, ikabidi aende ligi ya pili ya wakati ule, AFL, na huko nako Boston Patriots walimchagua raundi ya 13, timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Raundi ya 13 mkuu, maana yake ni kama hawakutegemea kitu kwake. Na sasa sikiliza alichofanya, hapa ndipo nataka dogo wako asome: wakati anacheza Boston alikuwa anasoma sheria Chuo Kikuu cha Suffolk, mazoezi mchana darasa usiku, akapata shahada 1968. Mwaka uliofuata Patriots wakamuuza Miami Dolphins, na ukiniuliza mimi, mtu mwenye shahada ya sheria mkononi hata akiuzwa halali na hofu ile waliyonayo wenzake.

Miami ndiko jina lake lilikokua. Kocha Don Shula alifika 1970, wakatengeneza ulinzi ambao watu waliubatiza ulinzi usio na majina kwa sababu hakukuwa na staa, na msimu wa 1972 wakashinda mechi zote 17, mpaka leo hakuna timu nyingine ya NFL iliyomaliza msimu mzima hadi ubingwa bila kupoteza hata moja. Kwenye ile fainali ya ubingwa, Super Bowl, dhidi ya Washington, 14 kwa 7, ni Buoniconti aliyeidaka pasi ya Billy Kilmer, mrusha pasi wa Washington, mwishoni mwa nusu ya kwanza akakimbia nayo yadi 32, na ndiyo iliyozaa taachidauni ya pili, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Mzee wangu siku akili imetulia alikuwa anaisimulia hiyo pasi hatua kwa hatua, mguu gani ulitangulia, macho yalikuwa wapi. Mwaka uliofuata wakabeba tena kombe.

Alipostaafu, baada ya msimu wa 1976, hakukaa kusubiri kuitwa kwenye sherehe. Uanasheria, uwakala wa wachezaji wa besiboli, miaka zaidi ya 20 kwenye kipindi cha televisheni ya HBO cha kuchambua NFL, na miaka ya 1980 akafika kuwa rais wa kampuni kubwa ya tumbaku ya kutafuna. Hiyo ya tumbaku simuungi mkono hata kidogo, alisimama kuitetea biashara inayoua watu, lakini kama ni swali la maisha baada ya mpira huyu alijipanga kuliko karibu wote.

Halafu Oktoba 1985. Mwanawe Marc, miaka 19, naye lainibeka, anachezea chuo cha kijeshi cha The Citadel, akaenda kumwangusha mtu kwenye mechi na East Tennessee State, shingo ikavunjika. Toka siku ile amepooza kuanzia mabegani kushuka chini. Mimi nimehudumia watu wenye majeraha ya namna hiyo na nataka uelewe ni nini hasa: kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku kucha asipate vidonda, winchi ya kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti, kumtoa makohozi kwa mashine kwa sababu kifua hakina nguvu ya kukohoa, kila unachokifanya wewe bila kufikiri kuna mtu lazima amfanyie. Baba yake hakukubali kukaa kimya, mwaka huohuo akaungana na daktari wa upasuaji wa neva Barth Green wakaanzisha Miami Project pale Chuo Kikuu cha Miami, kituo cha utafiti wa uti wa mgongo, na maisha yake yote yaliyobaki akawa anakichangishia fedha, mamia ya mamilioni ya dola. Alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mpira huo 2001 aliyemtambulisha jukwaani ni Marc akiwa kwenye kiti chake, na baba akasema wazi kwamba pete na heshima zote angezitoa mwanawe atembee. Nimeiangalia hotuba ile zaidi ya mara moja na sijawahi kuimaliza na macho makavu.

Sasa sehemu ambayo wadau wa mamilioni hawakuiandika. Alipofika umri wa miaka sabini na kitu, akili ya Buoniconti ikaanza kuondoka. Alijitokeza mwenyewe 2017 akasema hadharani kwamba anaanguka, anasahau, hata kufunga tai imekuwa shida, na akatangaza kwamba ubongo wake apewe watafiti wa Boston wanaochunguza CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi na ambao mpaka sasa unathibitishwa kwa uhakika mtu akishakufa tu. Akafariki Julai 2019, miaka 78.

Mzee wangu (jina nalihifadhi, familia yake ni watu wema sana kwangu) ilikuwa hivyohivyo. Unampa shati, anaingiza mkono wa kulia kwenye tundu la shingo, anasimama hapo na hilo shati usoni, hakasiriki, anasubiri umsaidie. Saa tisa usiku anaamka anashuka sebuleni na kuanza kupanga ulinzi, anamwonyesha mkewe asogee kushoto, mimi niende katikati, na mkuu tulikuwa tunasogea, maana ukibisha anapata hofu na akituona tupo sehemu zetu anatulia, anarudi kulala. Alimaliza chuo, alifanya biashara, alisomesha watoto.

Kwa hiyo jibu langu. Fedha: lainibeka wa kulipwa wengi hawafiki miaka minne, pensheni ya NFL inahitaji misimu 3 iliyohesabika na bima ya afya ya baada ya kustaafu kwa aliyetimiza ni miaka 5, wakati ugonjwa wenyewe unakuja miaka 30 au 40 baadaye. Shule asiiachie, hata kidogo. Na kwa miaka 12 mimi nisingemruhusu acheze ule wa kugongana. Januari 2018 Buoniconti, na lainibeka wenzake Harry Carson na Phil Villapiano, walisimama pamoja kuwaomba wazazi watoto wa chini ya miaka 14 wacheze ule wa vibendera, ambapo badala ya kumwangusha mwenzio unamchomoa kibendera kiunoni. Kusoma mchezo, miguu, macho, vyote anajifunza humo, na kichwa kinakuwa salama zaidi. Mzee mzima ambaye mwanawe yuko kwenye kiti na yeye mwenyewe kumbukumbu zilikuwa zinamtoka ndiye aliyeomba hivyo, mimi namsikiliza kuliko kocha wa mtaani.

Akifika sekondari na bado anautaka, kaa na kocha umuulize siku ngapi za wiki wanagongana kikamilifu mazoezini na nani mwenye kauli ya mwisho mtoto akigongwa kichwa. Majimbo yote ya Marekani yana sheria ya mtikisiko wa ubongo, mtoto anayehisiwa kaupata anatolewa uwanjani na harudi mpaka mhudumu wa afya aruhusu. Kocha akianza kuzungukazunguka kwenye hilo swali la pili, mhamishe timu siku hiyohiyo.