Mtoto wa miaka minane anachapwa kwa kutoswali: je, ndivyo dini ilivyoamrisha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko Tanga, nina mtoto wa kiume wa miaka minane. Baba yake akirudi kazini akasikia hajaswali Alasiri, humchapa kwa waya wa pasi. Nikimsemesha, hunijibu kwamba Mtume ameamrisha watoto wapigwe kwa ajili ya swala, na mama mkwe huongezea: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nami pia sijasalimika. Juzi alivunja chupa ya chai, nikampiga kwa mwiko mpaka mkono ukavimba. Sasa nikimwita huja amekinga uso. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kuuliza, na zaidi kwa kutojificha.

Nianze na hadithi anayoishika mumeo, maana ipo na sitaipindisha. Imepokewa na Abu Dawud: "Waamrisheni watoto wenu kuswali wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi, na watenganisheni katika malazi." Mwanao ana minane. Kwa hadithi hiyo hiyo, yumo katika umri wa kuamrishwa, hajafika umri wa kupigwa. Tangu saba hadi kumi ni miaka mitatu, swala tano kila siku. Hizo ni zaidi ya mara 5,000 za kumwambia mtoto, "Baba, maji haya hapa, njoo tuswali." Mumeo amezivuka zote akaukimbilia waya. Na huyo baba anayerudi jioni kuuliza kama mtoto ameswali, je, yeye mwenyewe huwa anamshika mkono kwenda naye msikitini? Amri ya miaka saba ameelekezwa mzazi kabla ya mtoto.

Akishafika kumi je? Hapo mafakihi, yaani wanachuoni wa sheria ya dini, wameweka masharti mazito: pigo lisiumize, lisiache alama, lisiguse uso, na lisitoke kwenye hasira. Wengine wakasema mkono tu, bila fimbo. Waya wa pasi haumo katika kauli ya mwanachuoni yeyote ninayemjua. Nasi watu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi tukumbuke kwamba kwetu mzazi akimtia adabu mtoto kisha mtoto akadhurika, mzazi anabeba dhamana. Hawezi kujitetea kwa kusema, "Nilikuwa namfunza."

Lakini lipo neno moja la Izzuddin bin Abdisalam, mwanachuoni wa madhehebu hayohayo, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ambalo natamani kila mzazi alisikie. Aliuliza: ikiwa mtoto hatengenei ila kwa pigo kali, je, inafaa kumpiga hivyo? Akajibu kuwa haifai. Akaongeza kwamba hata pigo jepesi halifai tena kwa mtoto huyo, kwa sababu kupiga kwenyewe ni madhara. Kumeruhusiwa kwa kuwa ni njia ya kumtengeneza, na ikiwa hakumtengenezi, ruhusa imeanguka. Sasa mwangalie mwanao. Amechapwa mara ngapi? Na bado haswali mpaka asikie mlango wa baba yake. Basi waya huo haumtengenezi.

Nasema hivi kwa sababu nimefundisha chuoni, yaani madrasa, miaka mingi. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa akija na uso umelowa na miguu imelowa, mikono mikavu toka kiganjani mpaka kiwikoni. Nikamuuliza udhu gani huo. Akaniambia taratibu, "Baba hutazama uso na miguu." Alikuwa na miaka tisa na tayari alikuwa ameshajifunza kumswalia baba yake. Mwanahistoria wa Kiislamu Ibn Khaldun aliandika kuhusu hili karne nyingi zilizopita, kwamba anayelelewa kwa ukali hufunzwa uongo na hila kwa kuogopa mkono ulio juu yake. Mimi nimeyaona kwa macho yangu, na siku hiyo bakora yangu niliitoa chuoni.

Mtume mwenyewe (S.A.W.) alifanyaje? Bi Aisha (R.A.) anasema hakupata kumpiga kitu kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa katika jihadi. Anas bin Malik aliyemtumikia miaka 10 anasimulia kwamba siku moja alitumwa, akapitia kwa watoto wanaocheza sokoni. Mara akahisi mtu amemshika kisogoni kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume, anacheka. "Unays, umekwenda nilikokutuma?" Akamwita kwa jina la kudekeza, kisha Anas akasema anakwenda. Basi.

Na ule msemo wa mama mkwe ni wa kweli, ila unamtaka mzazi avumilie kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Mnyime mpira jioni asiposwali, alie. Mzimie televisheni, alie. Kilio hicho usikichelee. Cha waya ni kingine.

Kwa mumeo, usimkabili mbele ya mtoto wala mbele ya mama yake. Msomee jibu hili mkiwa wawili, umwombe kwa siku 40 aswali Magharibi na mwanawe pembeni yake, mkeka mmoja. Akikataa na waya ukaendelea, hiyo si siri ya ndoa ya kufichwa. Wahusishe wazee au imamu wenu, na mwili ukiwa na majeraha nenda ustawi wa jamii, kwani hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu adhabu isiyolingana na umri na mwili wa mtoto.

Ama wewe na mwiko, hapo hapakuwa na swala wala adabu. Ilikuwa hasira kwa ajili ya chupa, na hiyo ni dhulma. Tubu kwa Mola wako, kisha mwendee mwanao. Kaa chini awe juu yako kidogo, ushike mkono ule uliovimba, umwambie, "Nilikukosea, mwanangu, nisamehe." Usimdai akujibu siku hiyo.

Wallahu aalam.