Wali kushoto, supu kulia

Dada, umeuliza kwenye mlo wa Kikorea utangulize supu au wali. Hakuna kutanguliza, vyote huwekwa mezani kwa pamoja. Kila mgeni awe na bakuli lake la wali kushoto na la supu kulia, kisha kijiko na vijiti pembeni ya supu. Vitoweo vidogo vidogo, yaani banchan, vikae katikati mle pamoja. Kimchi, yaani kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, itengeneze siku kadhaa kabla ili ichachuke vizuri. Spinachi ichovye tu kwenye maji ya moto, ikamue kwa mikono mpaka maji yaishe, ndipo utie mafuta ya ufuta, chumvi na kitunguu saumu. Mimi hiyo naipenda kuliko hata nyama! Na msubirini mkubwa kiumri anyanyue kijiko kwanza.