Muulize Mheshimiwa: Fedha Imefika Hatua Gani?

Vijana wanaoanza kazi ya gazeti hapa Kigoma huniuliza waanzie wapi wanapotaka kuhakiki kauli ya mbunge, diwani au waziri aliyekuja ziarani. Wengi wao huwinda uongo. Ushauri wangu ni kwamba waanze kwa kuuliza fedha imefika hatua gani.

Katika mikutano ya hadhara niliyoripoti, kuanzia Mwandiga hadi Kasulu, uongo wa wazi si jambo la kila siku. Cha kila siku ni mheshimiwa kusimama jukwaani na kusema "tumeleta fedha za zahanati", watu wakapiga makofi. Fedha hiyo huenda imetengwa tu kwenye bajeti ya mwaka ulioanza Julai 1. Huenda imeshatolewa na Hazina na iko kwenye akaunti ya halmashauri, au fundi ameshasaini mkataba lakini hajalipwa. Kilichotengwa si lazima kitolewe chote, na mama mjamzito hatibiwi na fedha iliyotengwa. Ukiandika "zimeletwa" kwa sababu mheshimiwa kasema hivyo, umemwambia msomaji jambo ambalo hujalijua.

Kila hatua ina karatasi yake. Kilichotengwa kimo kwenye vitabu vya bajeti. Kilichopokelewa na kutumika utakikuta kwenye taarifa za robo mwaka zinazopelekwa Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza ni vya wazi, kwa hiyo nenda ukakae hadi mwisho, maana mambo mazito huibuka wakati wa maswali ya madiwani, waandishi wengi wakiwa wameshaondoka. Kijijini kuna mapato na matumizi yanayosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wazee waliohudhuria hukumbuka kilichosomwa, hata pale ambapo ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji ni mtupu.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ni hazina kubwa, ila iangalie mwaka wake. Rais huipokea mwishoni mwa Machi na Bunge huletewa Aprili, lakini inahusu mwaka wa fedha uliokwisha Juni iliyotangulia. Ripoti iliyotoka Aprili 2024 haiwezi kukuambia kama zahanati iliyotajwa jukwaani mwezi uliopita ina dawa.

Hapo sasa inabidi usafiri, na jambo hili nalisisitiza kuliko yote: usiende kuhakiki mradi ukiwa kwenye gari la anayedai kuujenga. Msafara utakufikisha kwenye jengo lililopakwa rangi, utapiga picha, utapewa bahasha ya "nauli", na jioni mtakuwa mmerudi mjini. Vijiji vya mwambao wa ziwa vingi hufikiwa kwa boti, na najua vyumba vya habari havina fedha ya kila safari. Basi chagua kauli chache, lakini hizo uzifuate hadi mwisho. Nimewahi kupanda boti ya abiria Kibirizi kwenda kuangalia zahanati iliyotangazwa kuwa imekamilika. Kuta zilikuwepo, bati lilikuwepo. Hakukuwa na maji wala mhudumu, na wanawake waliniambia wenyewe wanakwenda kujifungulia wapi.

Wakati mwingine takwimu ni ya kweli na bado inahitaji maelezo. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, kutoka Tabora hadi Kigoma, uliosainiwa Desemba 2022, hutajwa kuwa wa kilomita 506. Njia kuu ni kilomita 411, na 95 zilizobaki ni njia za treni kupishana. Anayetaja 506 hajadanganya, lakini abiria hatasafiri kilomita hizo. Mweleze msomaji yote mawili. Vivyo hivyo kwa idadi ya watu: sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani kwetu, ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Anayejisifu kwa kuongeza madarasa apimwe pia kwa watoto walioongezeka.

Ukishamaliza, mpigie mwenye kauli kabla ya kuchapa. Msomee sentensi yake kama ulivyoirekodi, muulize ameitoa wapi, mpe muda wa kujibu. Wengine hukuletea karatasi ambayo hukuwa nayo, na habari inabadilika. Akiwa amesema kweli, liandike hilo kwa uzito uleule ambao ungeupa kosa lake. Wananchi wana haki ya kujua pia kiongozi anayesema kweli.

Ofisi ikikunyima nyaraka, peleka ombi la maandishi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa siku 30 za kukujibu. Mhariri wako hatasubiri siku 30, hilo naelewa. Chapa ulichothibitisha, useme wazi ni sehemu ipi ya kauli bado haijathibitika na ni ofisi gani imeombwa nyaraka lini. Siku zikiisha, rudi pale ofisini na nakala yako.