Udaktari wa familia hauna kuzeeka kliniki moja

Dokta mdogo wangu, umeuliza kama ukisomea udaktari wa familia utaishia kutibu mafua na presha kliniki moja mpaka ustaafu. Wapi bwana! Hiyo fani inasafiri mno, maana kila nchi wanamtaka mtu anayeweza kuona mtoto, mjamzito na mzee asubuhi hiyohiyo. Anzia nyumbani, Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar wanafundisha, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, walianza 2005, ukimaliza kaa kwanza hospitali ya wilaya mpaka operesheni ya uzazi uimudu vizuri, ndo itakubeba ukienda na shirika la misaada la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) Kongo au Sudan Kusini (Kifaransa anza leo, Kongo bila hicho utahangaika). Uingereza ni habari nyingine kabisa, kuna mitihani miwili ya PLAB (ya madaktari waliosomea nje wanaotaka kufanya kazi huko), wa pili unaufanyia Manchester, halafu miaka 3 ya mafunzo ya GP (ndivyo wanavyomwita daktari wa familia), na huko kisu unakisahau, ni dakika chache chache kwa mgonjwa na makaratasi kibao. Ningekuwa wewe ningeanza Kongo kabla sijawa na watoto na mikopo. Na kila nchi ukiondoka chukua barua ya baraza la madaktari kwamba rekodi yako ni safi, kuifuatilia ukiwa mbali ni mateso.