Kinanda cha MIDI kinasikika, lakini treki inabaki tupu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kinanda cha MIDI cha funguo 49, nakichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya Windows. Nikibonyeza, piano iliyo ndani ya programu ya kurekodi muziki inalia vizuri. Lakini nikianza kurekodi, nikapiga, nikasimamisha, treki (mstari wa kurekodia ndani ya programu) haina kitu. Siku noti zikiingia zinakuwa zimechelewa nyuma ya ngoma, na ile ya kwanza haipo. Nimefuta programu nikaiweka upya, bado. Je, kinanda kimeharibika?

JIBU: Nzuri. Kinanda chako ni kizima, usikiuze. Kama piano ya kwenye kompyuta inalia unapobonyeza, basi funguo, waya, tundu la USB na draiva (programu ndogo inayounganisha kifaa na kompyuta) vimeshafanya kazi yao. Na kufuta programu kusingeweza kukusaidia, kwa sababu mipangilio ya treki huhifadhiwa ndani ya faili la mradi. Ukifungua mradi uleule, unakuta kosa lilelile linakusubiri.

Kinanda cha MIDI hakipeleki sauti. Kinapeleka ujumbe: ufunguo namba fulani umebonyezwa (do ya katikati ni namba 60), kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, kisha umeachiwa. Ujumbe huo ukifika kwenye programu unakuwa na safari mbili. Ya kwanza inakwenda kwenye piano ili usikie, ya pili inakwenda kuandikwa kwenye treki. Watu wengi hudhani kusikia ni ushahidi kwamba kurekodi kunafanyika. Sivyo. Safari hizo zina swichi tofauti, na kwako ya pili ndiyo imezimwa.

Hujataja programu unayotumia, kwa hiyo nitagusa zile ninazoulizwa sana. Kwenye Reaper, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kile kitufe chekundu cha treki. Itafunguka orodha ndefu. Ukikuta alama ya tiki imekaa kwenye "Record: disable", umempata mchawi: kitufe kitaonekana chekundu, sauti itatoka, na hakuna kitakachoandikwa. Hamishia tiki kwenye "Record: input". Kwenye Ableton Live, tazama sehemu ya Monitor ya treki. Ikiwa kwenye "In", utasikia piano hata kama treki haijawashwa kurekodi. Irudishe "Auto", kisha washa kitufe cha kurekodi cha treki yenyewe, maana kile cha juu peke yake hakitoshi. Kwenye FL Studio, chombo ulichokichagua hulia tu, uwe unarekodi au la. Pale, bonyeza kulia kwenye kitufe kikuu cha kurekodi uhakikishe "Notes" imewekewa tiki. Wengi huitoa siku wanayorekodi mwendo wa vifundo (vitufe vya kuzungusha), halafu wanasahau. Programu nyingine nyingi hufuata mantiki hiyohiyo.

Kwa msomaji mwingine mwenye kinanda chenye spika zake: punguza sauti ya kinanda hadi mwisho kabla ya lolote. Ikiwa ukimya umetawala, ulichokuwa unasikia ni kinanda chenyewe, na huenda kompyuta haikupata ujumbe wowote. Hapo rudi kwenye waya (zipo nyaya za USB za kuchajia tu, zisizopitisha data), kisha kwenye mipangilio ya MIDI ya programu uone kama kinanda kimeruhusiwa. Kikijitokeza mara mbili kwenye orodha, kimoja kikiwa na jina linaloanza na MIDIIN2, mara nyingi hicho ni cha vitufe vya kucheza na kusimamisha, si cha noti. Na Windows, hasa matoleo ya zamani, huweza kukiachia kinanda kwa programu moja tu kwa wakati, hivyo funga nyingine kabla hujaanza kulaumu vifaa.

Sasa kuchelewa, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Chanzo cha kawaida ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa. Bafa hupimwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti. Bafa ya sampuli 2,048 kwenye mradi wa sampuli 44,100 kwa sekunde ni takribani milisekunde 46 za kusubiri. Ukiishusha hadi 128 inabaki karibu 3. Bado kuna kuchelewa kwa kifaa chenyewe juu ya hapo, ila tofauti utaisikia vidoleni. Wakati wa kurekodi tumia 128 au 256. Wakati wa kuchanganya sauti panda tena, kwa sababu bafa ndogo huipa kompyuta taabu na sauti huanza kukwaruza. Kama una kadi ya sauti ya nje, chagua draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha sana) iliyotolewa na mtengenezaji wake, usitumie ile ya jumla ya Windows.

Baada ya hapo vua visikilizio vya Bluetooth. Sizungumzii ubora wa sauti. Vinaongeza kuchelewa ambako hakuondoki hata ukishusha bafa, na kwa kupigia kinanda havifai kabisa. Weka vya waya. Kisha zima kwa muda plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) zilizo kwenye treki kuu, hasa limita na ikwalaiza nzito. Baadhi hutazama sauti ya mbele kabla ya kuitoa, na programu huchelewesha mradi mzima ili vyote vilingane.

Usijaribu kutibu hilo kwa kwantaizi, yaani kuiachia programu ivute kila noti hadi mstari wa mapigo ulio karibu nayo. Kwenye mwendo wa biti (mapigo) 120 kwa dakika, umbali kati ya mistari ya 1/16 ni milisekunde 125. Noti ikichelewa kupita nusu yake, yaani kama 63, kwantaizi haitairudisha ilikotoka. Itaisukuma hadi mstari unaofuata, na wimbo utasikika kama umepigwa na mtu mwingine.

Noti ya kwanza inayopotea haina uhusiano na bafa. Mpigaji mzuri huiwahi biti kidogo, mara nyingine kwa milisekunde 20 tu. Ukianzia kurekodi mwanzoni kabisa mwa mradi, noti hiyo inabonyezwa wakati programu bado haijaanza kuandika, kwa hiyo inatupwa. Kama unarekodi kwa kuzungusha kipande, vuta karibu mwisho wa kipande: huenda ukaikuta pale, kijinoti chembamba kimebanwa ukutani. Washa hesabu ya kuanzia ya baa moja (kwa kawaida mapigo manne), au ufanye ninavyopendelea mimi: acha baa mbili tupu mwanzoni mwa kila mradi, wimbo uanze baa ya tatu.

Ili usihangaike gizani, fungua mradi mpya mtupu. Weka treki moja ya MIDI, piano moja, chanzo cha kuingiza (input) kiwe vinanda vyote na chaneli zote, bila plagini nyingine. Washa kurekodi kwenye treki, piga baa nne, simamisha. Noti zikiingia hapo, usipoteze muda kutafuta kosa kwenye mradi wa zamani treki kwa treki. Tengeneza treki mpya ndani yake, hamishia piano yako humo, ile ya zamani uifute. Zisipoingia hata hapo, niandikie tena ukitaja programu, toleo lake, na kama taa ya kiwango kwenye treki inacheza unapobonyeza.