Kumsaidia Kijana Aliyepandikizwa Figo Asiache Dawa

Miezi ya mwanzo baada ya kupandikizwa figo, kumeza dawa si jambo gumu sana, kwa sababu nyumba nzima inamwangalia mgonjwa na yeye mwenyewe bado anaogopa kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Ugumu huja baadaye, nguvu zinaporudi, anapocheza mpira na wenzake, na majirani wanapomshangaa kwamba mtu aliyekwisha kupona bado anameza vidonge.

Mpwa wangu, ninayeishi naye hapa Ngamiani, Tanga, alipandikizwa Muhimbili baada ya kumaliza kidato cha nne, katika hospitali iliyoanza huduma hiyo Novemba 2017, wakati wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Figo alipewa na mama yake, dada yangu. Takrolimasi na maikofenoleti huzimeza kila baada ya saa 12, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na kazi ya dawa hizo ni kuituliza kinga ya mwili, ambayo miaka yote itaendelea kuiona figo ile kuwa ngeni. Kijana aelezwe kwa uvumilivu kwamba akiacha dozi leo huenda kesho asisikie lolote. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo bila homa wala uvimbe, na dalili ya kwanza ikawa kriatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, iliyopanda kwenye majibu ya maabara.

Katika familia yetu tulikubaliana mapema kwamba hakuna atakayemwambia, "Unaichezea figo ya mama yako." Maneno hayo yanaonekana kuwa ya uchungu wa upendo, lakini kijana anayesimangwa hujifunza kusema amemeza hata kama hajameza. Hapo daktari, akiona kiwango cha takrolimasi katika damu kiko chini, anaweza kuongeza dozi kwa mtu ambaye tatizo lake halikuwa dozi. Kwa hiyo mimi humwuliza, "Mjomba, wiki hii dozi ipi ilikusumbua?" Swali hilo linakubali kwamba usumbufu upo, naye hujibu kweli. Mara nyingi ni ile ya usiku, inayomkuta barazani kwa rafiki zake akiona haya kuaga mapema, na tangu alipoanza kutembea na kikasha kidogo cha vidonge mfukoni, simu ikimkumbusha kwa mtetemo, hahitaji kuaga mtu.

Tusiyadharau madhara yanayoonekana. Prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza kinga, huweza kuvimbisha uso na kuleta chunusi, takrolimasi huweza kutetemesha mikono, na kwa mtu wa umri wake uso si jambo dogo hata kidogo. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya kwa sababu ya kioo. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua. Kuikatisha prednisoloni ghafla ni hatari.

Kwa upande wa chakula, machungwa ya Muheza hayana shida, ila balungi aliache kabisa, kwa kuwa huzuia mwili kuivunja takrolimasi, na kiwango kikizidi huidhuru figo ileile tunayoilinda. Erithromaisini ya bakteria na flukonazoli ya fangasi nazo hupandisha kiwango hicho, rifampisini ya kifua kikuu hukishusha, na diklofenaki ya maumivu huiumiza figo moja kwa moja. Kila anapoingia duka la dawa aanze kwa kusema kwamba amepandikizwa. Mitishamba ya kuongeza nguvu, hata ikiletwa na shangazi kwa nia njema, ipokewe kwa shukrani na isinywewe.

Ramadhani inahitaji mazungumzo ya mapema. Mfungo wa huku kwetu huzidi saa 13, hivyo dozi za saa 12 haziwezi kukaa sawasawa kati ya futari na daku, na kijana anayeona aibu kula mchana wakati nyumba nzima imefunga anaweza kujipangia saa zake mwenyewe bila kumwambia mtu. Miezi kadhaa kabla, aulizwe daktari kama hali ya figo inaruhusu kufunga na kama ratiba ya dawa inaweza kubadilishwa. Wakati mwingine ipo takrolimasi ya kumeza mara moja kwa siku, lakini kuhamia huko ni uamuzi wa daktari na hufuatiwa na vipimo vya damu. Jibu likiwa hapana, wazee wamkumbushe kwa upole kwamba Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa.

Akiwa bweni, barua ya daktari imfikie matroni au patroni, na akiba ya dawa ihifadhiwe mbali na joto na unyevu.

Kliniki, mzazi atoke chumbani kwa dakika chache. Kijana ajifunze kutaja dawa zake mwenyewe, kusoma kriatinini yake na kuomba dawa kabla hazijaisha, kwa sababu siku moja atahudhuria peke yake. Yapo pia maswali ambayo hatayauliza mbele yetu: msichana anayetumia maikofenoleti ni lazima aelezwe kwamba dawa hiyo inaweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto aliye tumboni, na maelezo hayo yanapaswa kutolewa na daktari, mjomba akiwa nje.